Historia ya Diski na Ghala la Mbali

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa awe na ubao, chaki, na flashi moja ya kuwaonyesha wanafunzi, ikipatikana.

 

Juma lililopita tulieleza habari za taipureta na karatasi za kaboni, jinsi karani alivyoweza kupata nakala tatu za barua moja kwa kupiga mara moja tu. Leo twaendelea mbele. Twataka kueleza jinsi watu walivyoanza kuweka maandishi ndani ya mashine badala ya karatasi, na kwa nini maandishi hayo, yakisha kuwekwa, pengine hukataa kutoka. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Siku hizi daftari la chama cha kuweka na kukopa, orodha ya wanachama wa ushirika, na majina ya watoto shuleni huandikwa katika kompyuta. Mtu asiyejua maandishi yake yanakaa wapi ni kama mtu aliyempa jirani mahindi yake amwekee, wala hakuuliza ghala liko upande gani.

Kabla ya kufika kwenye kompyuta, natutazame reli kidogo, kwa maana reli twazifahamu, na kisa chake ni kile kile.

Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wajerumani nao walianza ya kwao Tanga mwaka 1893, kisha wakaanza ile ya kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilimalizika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Serikali hizo mbili zilishindana sana, hata zikapigana vita, lakini katika jambo moja zilifanana: upana wa reli. Zote zilitumia upana wa milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Kwa sababu hiyo, miaka ya 1960 meli za Umoja na Uhuru zilipowekwa katika Ziwa Viktoria, ziliweza kubeba mabehewa yenyewe na mizigo yake ndani. Behewa likiingia melini upande wa Kisumu lilishuka Mwanza likaendelea na safari, wala hapakuwa na mchukuzi wa kushusha gunia hata moja.

Sasa tazameni tofauti. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, ilifanywa kwa upana wa milimita 1,067, ili ipatane na reli za Zambia na za nchi za kusini. Tofauti ni milimita 67 tu, haizidi sana upana wa vidole vitatu. Lakini vidole hivyo vitatu vyatosha kabisa. Behewa la reli ya kati haliwezi kupita juu ya reli ya TAZARA. Pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hauna budi kushushwa huku na kupakiwa kule. Na reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024, upana wake ni milimita 1,435. Basi nchi yetu moja ina reli za namna tatu, na hakuna iliyo mbovu. Kila moja ni nzima, ila hazipokeani mabehewa.

Wekeni jambo hilo moyoni, maana mtu wa Tarime atanunua flashi nzima dukani, aiweke maandishi mazima, aichomeke katika kompyuta nzima, na bado isisomeke. Atasema flashi ni mbovu. Kumbe ni reli.

Diski ya kwanza ya kompyuta ilitolewa mwaka 1956 na kampuni ya IBM ya Marekani. Ilikuwa na sahani 50 za chuma, kila sahani ina kipenyo cha inchi 24, na uzito wake wote ulikuwa kama tani moja. Ndani yake ziliingia herufi milioni tano. Flashi ndogo ya gigabaiti 8, ambayo mtu huifunga pamoja na funguo zake, huchukua herufi mara 1,600 kuliko mashine ile.

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo ruhusa. Wako wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine zenyewe zilikuwa ghali. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na 1990, na hapo kompyuta zikaanza kuingia kwa wingi, nyingine mpya, nyingine zilizokwisha kutumika ng'ambo, za kila namna na kila umri. Ndiyo maana hata leo katika ofisi moja utakuta mashine tatu zisizoelewana.

Sasa tueleze neno kufomati, ambalo vijana wa stesheneri hulitumia kila siku. Diski mpya ni kama daftari lisilo na mistari wala kurasa zenye namba. Mashine haiwezi kuandika humo. Kwanza hupiga mistari, hutia namba kwenye kila ukurasa, na mwanzoni huacha ukurasa wa yaliyomo, ambapo itaandika: barua ya Mwita iko ukurasa wa 12, hesabu za chama ziko ukurasa wa 40 na 41. Kazi hiyo ya kupiga mistari na kutia namba ndiyo kufomati. Na mistari yenyewe, namna ilivyopigwa, ndiyo fomati.

Taabu ilianzia hapa: kila fundi alipiga mistari kwa namna yake. Mwaka 1977 fundi wa kampuni ya Microsoft, jina lake Marc McDonald, alitengeneza fomati iitwayo FAT. Ilikuwa rahisi, ikaenea duniani kote. Ndugu yake mkubwa, FAT32, alitokea mwaka 1996. Lakini Microsoft hao hao mwaka 1993 walikuwa wamekwisha kutoa fomati nyingine yenye nguvu zaidi, NTFS, na ndiyo inayotumika ndani ya kompyuta nyingi za Windows hata leo. Kampuni ya Apple nayo ilikuwa na fomati yake ya HFS tangu mwaka 1985, ikaibadili mwaka 1998 ikaitwa HFS+, kisha mwaka 2017 ikaleta APFS. Wale wa Linux, iliyoanza mwaka 1991, wana zao, na iliyo maarufu ni ext4.

(Mwalimu aandike ubaoni majina haya: FAT32, NTFS, APFS, ext4. Wanafunzi wayasome kwa sauti.)

Si lazima kuyakariri. Jueni hili tu: kompyuta ya Windows haiwezi kusoma diski iliyofomatiwa kwa APFS, isipokuwa imewekewa programu ya kuisaidia. Kompyuta ya Apple huweza kusoma diski ya NTFS, lakini kwa kawaida haiwezi kuandika ndani yake. Ni kama mtu anayesoma barua ya Kiingereza akaielewa, ila kuijibu hawezi.

Na hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote za leo, nami nataka tukae hapa kidogo. Kompyuta ya Windows ikipewa diski isiyoifahamu, haisemi, “Samahani, lugha hii siijui.” Husema kwamba diski hii yataka kufomatiwa kabla ya kutumika, na huuliza: nifomati? Mtu asiyejua huona swali la adabu, akajibu ndiyo. Papo hapo mashine hupiga mistari mipya juu ya daftari lililojaa, na ukurasa wa yaliyomo hufutwa. Picha za mazishi ya baba, hesabu za miaka mitano, vyote vyaonekana kama havikuwapo kamwe. Pengine fundi huweza kuvirudisha, kwa fedha nyingi, ikiwa hakuna jipya lililoandikwa juu yake. Pengine hawezi. Basi swali hilo likitokea, jibu ni hapana. Chomoa diski kwa taratibu, uulize ilitumika katika mashine ya namna gani, ukaifungue kwenye mashine ya namna hiyo.

Sasa, mtu ataniuliza, kwa nini tusitumie FAT32 daima, maadamu husomwa na wote? Neno hilo ni jema, lakini FAT32 ina upungufu wake. Fikirini fomu ya benki yenye visanduku saba vya kuandikia tarakimu. Humo utaandika 9,999,999 na si zaidi. Shilingi milioni kumi hazina mahali pa kuandikwa, hata kama unazo mkononi. Ndivyo ilivyo FAT32: mahali pa kuandikia ukubwa wa faili pana nafasi ya kufika 4,294,967,295 tu, yaani karibu gigabaiti 4. Picha ya sinema ya harusi ikizidi hapo, mashine huikataa, na hali flashi ina nafasi tele. Ndipo mwaka 2006 Microsoft wakatoa exFAT, isiyo na mpaka huo mdogo. Apple waliipokea mwaka 2010, na Linux wakaitia katika kiini cha programu yao mwaka 2019, baada ya Microsoft kutangaza wazi maelezo yake. Kwa flashi inayosafiri baina ya mashine mbalimbali, exFAT ndiyo ifaayo leo.

Ila iko na udhaifu mmoja ambao sisi wa Tarime yafaa tuujue kuliko watu wa Ulaya. NTFS ina desturi ya karani mzuri: kabla ya kubadili hesabu, huandika kwanza pembeni jambo analotaka kufanya, hata umeme ukikatika katikati, akirudi hujua alipoishia. FAT32 na exFAT hazina daftari hilo la pembeni. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, au mtu akichomoa flashi ghafula, ukurasa wa yaliyomo waweza kuharibika. Kwa hiyo kile kitendo cha kuiambia kompyuta kwanza “nataka kutoa flashi” si adabu za bure.

Tupumzike kidogo. (Mwalimu awaulize wanafunzi: ni nani aliyewahi kupoteza maandishi au picha katika flashi? Ilikuwaje?)

Haya, natuendelee. Taabu ya flashi ndiyo iliyozaa ghala la mbali. Kijana mmoja wa Marekani, Drew Houston, alipanda basi kutoka Boston kwenda New York, akakumbuka kwamba flashi yake ameisahau. Safari ilikuwa ndefu, kazi hana, akaanza kuandika programu ya kumwondolea taabu hiyo. Yeye na mwenzake Arash Ferdowsi walianzisha kampuni ya Dropbox mwaka 2007, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2008. Wakubwa wakafuata. Apple walitoa iCloud mwaka 2011, Google wakatoa Google Drive mwaka 2012. Microsoft walikuwa na SkyDrive tangu 2007, ila kampuni moja ya televisheni ya Uingereza iliwashitaki kwa ajili ya neno Sky na ikashinda, nao mwaka 2014 wakaibadili jina ikawa OneDrive.

Watu huliita ghala hili wingu. Mimi silipendi sana jina hilo, kwa kuwa humfanya mtu adhani maandishi yake yanaelea hewani. Hayaelei. Yamo katika kompyuta kubwa, ndani ya nyumba kubwa zenye walinzi, umeme na mashine za kupoza joto, nazo nyingi ziko nchi za mbali. Maandishi huenda huko kwa nyaya. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam chini ya bahari mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, ghali na polepole. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo zote mbili zilikatika baharini, huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania ilidhoofika mno kwa siku kadha. Siku zile ndipo wengi walipojifunza kama mafaili yao yalikuwa katika kompyuta zao kweli, au yalionekana tu jina huku yenyewe yako ng'ambo.

Maana ghala la mbali hufanya kazi hivi. Ndani ya kompyuta yako pana folda moja. Kila ukiandika humo, nakala hupelekwa ghalani, na kutoka ghalani hupelekwa kwenye kompyuta nyingine zote zenye ruhusa. Kazi hii huitwa kusawazisha. Intaneti ikiwapo, mambo huenda vizuri. Isipokuwapo, kila mashine hukaa na nakala yake, ikingoja.

Tuchukue mfano. Chama cha akiba kina shilingi 640,000. Katibu yuko Nyamisangura, mweka hazina yuko Sirari, na wote wawili wana faili moja la hesabu. Siku hiyo intaneti hakuna. Katibu anapokea shilingi 50,000 za mwanachama, anaandika jumla 690,000. Mweka hazina naye anapokea 30,000 za faini, anaandika 670,000. Jioni intaneti inarudi. Ghala linaona mafaili mawili yenye jina moja, yote mapya, yasiyofanana. Halijui kujumlisha hesabu za chama. Linachoweza ni kuyaweka yote mawili, moja likaongezewa maneno ya kusema kwamba hii ni nakala iliyogongana na nyingine. Sasa mtu mwenye haraka huona mafaili mawili, akafuta moja kwa kudhani ni takataka. Akifuta la katibu, mwanachama aliyelipa 50,000 ataambiwa hakulipa. Akifuta la mweka hazina, 30,000 zimepotea kitabuni. Jumla ya kweli ni 720,000, nayo haimo katika faili lolote kati ya hayo mawili.

Dawa yake ni ya karani wa zamani. Yafungueni yote mawili, mkae watu wawili, mmoja asome na mwingine atazame, mstari kwa mstari, na yaliyopungua yaandikwe katika moja. Lile jingine lipewe jina lenye tarehe na liwekwe kando mpaka mkutano ukubali hesabu. Na chama kikubaliane mapema kwamba anayeandika ni mmoja, wengine wasome tu.

Jambo jingine: kusawazisha si kuweka akiba. Ukifuta faili katika kompyuta yako, ghala hutii, na faili hufutwa kwa wenzako wote. Dropbox ya bure, Google Drive na OneDrive ya mtu binafsi huliweka kwenye pipa la taka kwa siku 30. Siku hizo zikipita limekwenda. Kwa hiyo nakala ya pili katika diski iliyofungiwa kabatini bado yahitajika, na kitabu cha karatasi chenye sahihi za wanachama kisitupwe.

Yako makosa madogo yanayozuia ghala lisipokee kitu. La kwanza ni saa. Kompyuta nyingi za zamani betri yake ndogo ya ndani imekufa, na kila ikiwashwa hurudi katika mwaka ilipotengenezwa. Ghala la mbali huonyesha hati yenye tarehe, kama pasipoti, na kompyuta inayodhani sasa ni mwaka 2010 huiona hati hiyo bado haijaanza kutumika, ikakataa kusema nalo. Watu hushughulika na modemu siku nzima, kumbe ni betri ya fedha kidogo tu.

La pili ni majina. Windows haikubali alama ya kuuliza, nyota, nukta mbili wala mkwaju katika jina la faili. Faili liitwalo “Nani hajalipa?” hukaa salama katika kompyuta ya Apple, lakini likifika OneDrive hukwama. Tena Linux huona “Hesabu” na “hesabu” kuwa mafaili mawili, na Windows huyaona kuwa moja.

La tatu laturudisha kwenye reli. Ghala la mbali nalo huchagua fomati ya diski yako. Mwaka 2017 OneDrive ilikataa katika Windows folda yake isikae kwenye diski yoyote isipokuwa ya NTFS, hata waliokuwa wameiweka katika kadi za exFAT na FAT32 wakaamka asubuhi imesimama. Dropbox mwaka 2018 ilifanya vivyo hivyo kwa watu wa Linux, ikataka ext4 tu, kisha mwaka 2019 ikalegeza na kuzipokea fomati nyingine kadha. Basi kabla ya kununua diski ya nje ili kupanua folda ya ghala, tazama kwanza fomati. Katika Windows huonekana kwa kubofya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua sifa zake. Ikiwa si NTFS, hamisha kwanza yaliyomo yote mahali pengine, uyahesabu, ndipo uifomati.

Kazi ya darasa ni hii. Mwalimu aandike ubaoni majina mawili ya mafaili: la kwanza “Mahudhurio 12-05-2024”, la pili “Mahudhurio 12/05/2024”. Wanafunzi waseme ni lipi Windows italikataa, na kwa nini. Kisha wachukue ule mfano wa chama, waongeze mwanachama wa tatu aliyelipa shilingi 15,000 Nyamongo siku hiyo hiyo isiyo na intaneti, wakaandika katika nakala yake mwenyewe, nao wapige jumla ya kweli.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza habari za simu na ujumbe mfupi. Kwaherini.